Magamba ya Ukoo Wetu

Mshenga wangu alirudi kutoka Mtoni kwa Aziz Ali akiwa kimya. Alikaa kwenye benchi la uani kwetu Buguruni, akavua kofia, akaomba maji. Nikajua mambo si shwari, maana mzee yule si mtu wa kuomba maji kabla ya kusema.

"Wamekataa, mzee?" nikamuuliza.

"Hawajakataa. Ila wameuliza swali. Wanamkumbuka marehemu baba yako, yule fundi cherehani wa Malapa mwenye magamba mikononi. Wanauliza, kwenu kuna ukoma?"

Ndugu msomaji, wewe ambaye hujawahi kuposa huenda ukaona hilo ni tusi. La hasha. Wazee wetu wa makabila mengi tangu zamani walichunguza ukoo kabla ya kutoa binti. Waliuliza habari za uchawi, kifafa, wendawazimu na ukoma. Ni haki yao. Lililonitoa jasho ni kwamba sikuwa na jibu. Baba alifariki mimi nikiwa darasa la sita, na nyumbani hatukuwahi kuutaja ugonjwa wake kwa jina. Halafu kuna jambo jingine ambalo mshenga hakulijua. Siku ile nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, na kwenye kiwiko changu cha kushoto kulikuwa na bato jekundu lenye magamba meupe, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili.

Kwa hiyo maswali yalikuwa mawili. Je, ulikuwa ukoma? Na kama haukuwa ukoma, je, ugonjwa huu hurithiwa?

Nilimwomba mshenga anipe wiki mbili. Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, na riwaya yangu ingali kwenye madaftari matatu chini ya godoro. Lakini kusoma najua. Nikaanza na shangazi, nikaenda kwa daktari wa ngozi, nikamalizia Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Shangazi alisema baba hakuwa wa kwanza. Babu alikuwa nayo magotini na kichwani, na watu walidhani ni mba. Katika watoto saba wa babu, wawili walipata: baba, na baba mdogo aliyehamia Kilosa. Shangazi mwenyewe hana hata kidoa, ila binti yake mmoja anayo nyuma ya masikio. Nilichora ukoo wetu kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na bluu. Nyekundu ilikuwa inarukaruka kama panzi. Inamwacha huyu, inamshika yule, inapita mtu mzima salama halafu inatokea kwa mwanawe.

Daktari alikiangalia kiwiko changu, akakwangua magamba kidogo, akauliza maswali ya ukoo. Akasema ugonjwa huu unaitwa soriasisi. Hauna kijidudu, hauambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Kinga ya mwili yenyewe inakosea na kuihimiza ngozi ikue mbiombio. Ngozi ya kawaida hujitengeneza upya kwa muda wa mwezi hivi, lakini palipo na soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu. Ngozi changa inarundikana juu ya nyingine kabla haijakomaa, na hayo ndiyo magamba.

Basi kwa nini watu wa Mtoni waseme ukoma? Hapo ndipo nilipogundua kwamba kosa hilo halikuanzia Temeke wala Buguruni. Lina umri wa maelfu ya miaka.

Wasomaji wa Biblia wanaijua habari ya Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Naamani anapona ukoma, lakini Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, anaadhibiwa kwa tamaa yake. Ukoma unamshika yeye na uzao wake milele, naye anatoka akiwa mweupe kama theluji. Wataalamu wengi wanasema neno la Kiebrania lililotafsiriwa ukoma lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi. Ukoma tunaoujua hauifanyi ngozi kuwa nyeupe kama theluji. Hebu tazama lakini yaliyofungwa pamoja katika kisa kile: magamba, aibu, adhabu, na watoto wa watoto. Fungu hilo ndilo alilolikuta baba yangu barazani kwake Malapa.

Hata waganga wasomi wa Ulaya walichanganya. Robert Willan wa London, mwaka 1808, aliyaeleza vizuri mabato ya soriasisi, lakini akayaita lepra, neno lile lile lililotumika kwa ukoma. Ilichukua miaka zaidi ya thelathini mpaka Ferdinand von Hebra wa Vienna, mwaka 1841, alipolitenga jina hilo na kuiacha soriasisi isimame peke yake.

Sasa sikiliza kioja. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1847, madaktari wawili wa Norway, Danielssen na Boeck, walitoa kitabu kikubwa juu ya ukoma. Wakati ule ukoma ulikuwa mwingi huko Norway, hasa upande wa Bergen. Wao walishikilia kwamba ukoma ni ugonjwa wa kurithi. Danielssen alijichanja mwilini kwa uchafu uliotoka kwa wagonjwa, hakupata kitu, akazidi kuamini kwamba hauambukizi. Hoja ikafika mpaka kwenye mambo ya ndoa, kwamba wagonjwa wazuiwe kuoana ili kizazi kikatike. Unaona? Swali la watu wa Mtoni liliulizwa pia na mabwana wakubwa wenye shahada.

Aliyewaumbua ni Gerhard Armauer Hansen, ambaye alikuwa mkwe wa Danielssen mwenyewe! Mwaka 1873, huko huko Bergen, Hansen aliviona vijidudu vya ukoma kwa darubini. Kumbe ukoma haurithiwi. Huletwa na kijidudu, huenea polepole kwa watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo hutokea ndani ya nyumba moja na kufanana na urithi. Na watu walio wengi miili yao hukishinda kijidudu hicho bila wao kujua.

Hapo niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu, mpaka mtunza maktaba akanitazama. Maana binadamu tuliyageuza mambo chini juu. Ukoma, ambao huambukiza, tukasema ni wa ukoo. Soriasisi, ambayo ina ukoo ndani yake, tukasema inaambukiza.

Na kosa la namna hii si la kucheka tu, maana watu waliishi maisha yao yote ndani yake. Hapa kwetu historia ya ukoma ina sura mbili. Kuna sura ya huruma. Sewa Haji, yule tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ndiye aliyetoa fedha za hospitali iliyokuja kuwa chimbuko la Muhimbili, na katika mali aliyoiacha aliwakumbuka wenye ukoma wa Bagamoyo wapate chakula. Na kuna sura ya kutengwa. Wakati wa Mjerumani na wa Mwingereza zilikuwepo kambi na vijiji vya wakoma. Majina kama Chazi kule Morogoro na Hombolo kule Dodoma wazee wanayajua. Hata ng'ambo ya bandari yetu, Kigamboni, kuna Nunge. Mtu akipelekwa huko, mara nyingi ukoo wake ulimhesabu kama maiti.

Dawa zilikuja. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma kwa pamoja, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa ambao unaponya ukoma kabisa. Leo dawa hizo hutolewa bure. Ukoma unapona. Lakini neno mkoma halijapona, lingali linazunguka mitaani likitafuta wa kumshika.

Na lilimshika baba. Mama ananisimulia kwamba katika miaka ya tisini mambo yalizidi, maana ukimwi ulikuwa umeingia. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye kila mwenye vipele alinyooshewa kidole. Baba alishona akiwa amevaa mikono mirefu hata Januari, jua la utosi. Magamba yalidondoka juu ya kitambaa cheusi cha mteja, naye akiyapangusa haraka kwa brashi. Wapo waliochukua vitambaa vyao wakaenda zao. Jirani mmoja alimtengea kikombe chake. Kwenye zahanati moja alipewa dawa ya fangasi mwaka mzima, na magamba yakakaa pale pale.

Haya, turudi kwenye swali la pili, la urithi. Hapa sitaki kumdanganya mtu, hata kama ninataka mke.

Ndiyo, soriasisi ina urithi. Mtafiti mmoja wa Denmark, Gunnar Lomholt, alichunguza watu wa visiwa vya Faroe, kule bahari ya kaskazini, ambako watu ni wachache na koo zinajulikana. Katika utafiti alioutoa mwaka 1963, karibu wagonjwa tisa katika kila kumi walikuwa na ndugu mwenye ugonjwa huo huo. Mwaka 1972 wataalamu walianza kuuhusisha na alama fulani za kinga ya mwili. Leo inajulikana kwamba kwenye kromosomu ya sita kuna jeni yenye nguvu kuliko nyingine katika jambo hili, na zipo sehemu zaidi ya sitini nyingine zenye mchango mdogo mdogo.

Lakini kurithi si kama kurithi nyumba, kwamba mzazi akifa unakabidhiwa ufunguo. Unachorithi ni uwezekano. Mzazi mmoja akiwa nayo, makadirio ya kawaida ni kwamba mtoto mmoja au wawili katika kumi ndio watakaoipata. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, idadi inafika wanne au watano. Tazama hata mapacha wa kufanana, waliotoka yai moja na wenye jeni zile zile. Mmoja akiipata, si lazima mwenzake aipate. Maana yake kuna kitu kingine kinachowasha kiberiti. Inaweza kuwa maambukizi ya koo, jeraha, mawazo mengi, pombe, sigara, au dawa fulani. Miongoni mwa dawa hizo imo klorokwini, ambayo Tanzania Bara iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mpaka mwaka 2001. Tulimeza wangapi? Virusi vya ukimwi navyo vinaweza kuichochea, ndiyo maana si vibaya kupima. Lakini babu yangu aliipata kabla ukimwi haujajulikana popote.

Niliuliza pia kama iko dawa. Ya kuifuta kabisa haijapatikana. Ila zipo za kupaka, za kumeza, za sindano, na mwanga maalumu, zinazoituliza mpaka mtu akasahau kwa miezi. Tangu mwaka 1992 kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, ambacho kimefundisha watabibu wa nchi nyingi za Afrika. Na mwaka 2014 mkutano mkuu wa afya wa dunia ulipitisha azimio juu ya soriasisi, ukaeleza wazi mateso ya kunyanyapaliwa. Baba alikuwa ameshazikwa.

Wiki mbili zilipotimia nilimwambia mshenga, "Mzee, safari hii twende wote." Akasita, maana si desturi. Mwisho akakubali.

Nilimkuta baba wa binti barazani, nikamwamkia. "Marahaba," akanijibu, bila kunikaribisha kiti. Nikakunja mkono wa shati. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, bila London na Vienna. Nikamwambia, "Mzee, mwenye ukoma hufa ganzi kwenye bato lake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Sindano ikimgusa hata juu ya magamba, alikuwa anaruka kama mtoto. Mama shahidi. Haukuwa ukoma. Lakini ni wa ukoo, na mimi ninao, na mmoja wa watoto wangu anaweza kuupata."

Mzee alikitazama kiwiko changu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto akiupata, utamfanyaje?"

Swali hilo sikulikuta kwenye kitabu chochote. Nikasema, "Nitamwambia jina lake mapema, mzee. Nitampeleka hospitali. Na atavaa mikono mifupi."

Hakusema ndiyo. Alimwita binti yake mdogo alete kahawa, vikombe vitatu. Nikanywa. Nilipokirudisha kikombe kwenye sinia, nilikikodolea macho kuona kama kitatengwa. Yule mtoto alivikusanya vyote vitatu, akaviingiza kimoja ndani ya kingine, akaondoka navyo.

Mshenga anakwenda tena Jumapili.