Hawa na Wale

Msemaji wa Kiswahili aanzapo Kiarabu hukutana na neno haulai, maana yake "hawa", akadhani amekuta ndugu. Zote mbili si zaanza na ha? Nimewahi kusikia walimu wazima wakiishika hoja hiyo kuthibitisha kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochujwa. Sivyo hata kidogo. Ha ya Kiarabu ni ya kuzindua tu, wala haibadiliki: hadha, hadhihi, haulai. Ya kwetu huifuata ngeli: hawa, hiki, huu, hizi. Kwa Waarabu tulichukua lakini, hata na kabla. Vionyeshi tulibaki na vyetu. Mrundi husema aba, na Muha wa Kibondo hayuko mbali naye.

Mimi nilijifunza Ujiji, mwisho wa ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katika likizo za miaka ya 1990 nilikuwa nikiteremka kutoka Kasulu kwenda kwa maalim mmoja mzee, aliyesomesha kwa Ajurrumiya, kitabu cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Ni kitabu kifupi mno. Vionyeshi huwekwa humo kama majina yasiyo bayana, ikatolewa mifano mitatu, basi, mtunzi akaenda zake. Maalim wangu hakwenda. Alinikalisha juma zima kwenye wingi.

Haulai ni hawa, waume kwa wake. Ulaika ni wale. Ulaika huandikwa kwa wau isiyosomwa. Wanasarufi wa kale walieleza kuwa iliwekwa ili neno lisichanganywe na ilaika, yaani "kwako", zama ambazo maandishi hayakuwa na irabu. Maneno hayo mawili ni ya watu. Vitu vingi, hata ng'ombe, huitwa hadhihi, neno lile lile la mwanamke mmoja. Kirundi nacho huwaacha ng'ombe katika ngeli yao: inka izi. Ni Kiswahili kisemacho ng'ombe hawa, na naona kimefanya uungwana.

Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa Burundi, watu wengi sana walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa wakimbizi wa Kongo. Nilisikia lugha ikigeuka sokoni. Mwanzoni wageni walikuwa hawa, maana walilala barazani mwetu na Kirundi chao tulikielewa. Walipopelekwa makambini wakawa wale. Kuni zilipoadimika nikasikia na yale, ngeli ya majitu na majoka.

Nilimsimulia maalim. Akanipa kalamu.

"Mwalimu, waandike hao kwa Kiarabu."

Nikaandika ulaika. Akalitazama kwa muda.

"Na wau yake ipo," akasema. "Haya, tuendelee."