Kazi na Mfanyakazi Katika Migodi ya Katanga: Kuitazama Upya Nadharia ya Marx

Katika juzuu la kwanza la Das Kapital (1867), Karl Marx alimweleza mfanyakazi wa ubepari kuwa mtu aliye huru kwa maana mbili: anaweza kuuza nguvukazi yake, na hana kitu kingine cha kuuza. Historia ya migodi ya shaba ya Katanga inadhihirisha nguvu ya hoja hiyo pamoja na mipaka yake.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilitegemea vibarua wa muda. Mashamba na wanawake wa vijijini ndio waliobeba gharama za kumlea kibarua utotoni na kumtunza uzeeni. Kuanzia miaka ya 1920, ilipokabiliwa na uhaba wa watu, kampuni iliajiri kwa mikataba ya miaka mitatu, ikaleta watu kutoka Kasai na Ruanda-Urundi, ikawapa nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule. Ufadhili huo haukufuta mgongano wa kitabaka: Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, nao wakapigwa risasi na askari mjini Elisabethville.

Mwaka 1967 serikali ilitaifisha migodi, na vyama vya wafanyakazi vikaunganishwa kuwa kimoja. Mwajiri na mtetezi wa umma wakawa mamlaka moja. Umiliki ulibadilika, lakini uhusiano wa kazi ulibaki vilevile. Uzalishaji wa Gécamines uliporomoka miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Hawakupoteza mshahara tu, bali pia matibabu na shule za watoto wao.

Wakati huohuo walikuwako wachimbaji wadogo, waliotambuliwa na sheria ya madini ya mwaka 2002. Hao wana sururu zao na huuza mawe yenye madini, si nguvukazi. Kwa sura ni wazalishaji huru. Kwa hakika, bei hupangwa na wanunuzi, na hasara za ajali hubebwa na familia. Gharama ambazo kampuni iliwahi kuzichukua zimerudishwa nyumbani.

Kwa hiyo, kigezo cha unyonyaji si mkataba wa mshahara pekee, bali pia nani anabeba gharama za uhai wa mfanyakazi. Sera ya kazi na hifadhi ya jamii inayomtambua mwenye mkataba tu itawaacha nje wale ambao jasho lao linaendelea kuilisha biashara ya madini duniani.