Upande Usio na Fensi

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina kilomita 117 za mraba, na pande tatu zimezungushiwa fensi. Upande wa nne, ule wa kusini, una mto tu. Sisi tunaoishi ng'ambo ya huo mto, kuanzia Rongai hadi Kitengela, mara nyingi tunachojua kuhusu upande huo ni bei ya ploti.

Uliachwa wazi kwa sababu wanyama huhama. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka kwenda kula na kuzaa kwenye nyasi fupi za tambarare za Athi-Kaputiei, mashariki ya vilima vya Ngong. Kiangazi kikifika wanarudi mbugani kutafuta maji. Makao yao yote ni kama kilomita 2,200 za mraba. Kwa hivyo mbuga ni sehemu moja tu kati ya ishirini hivi. Hizo zingine ni mashamba ya watu.

Watu gani? Mwaka wa 1904, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka wa 1911 hata wale wa Laikipia wakaambiwa wahamie kusini. Halafu 1946 mbuga ikatangazwa, ya kwanza nchini, na wafugaji wakafungiwa nje ya malisho waliyokuwa wakiyatumia. Lakini wanyama hawakufungiwa ndani. Waliendelea kula nyasi za walewale waliofukuzwa.

Huo mpango ulikuwa mtamu kwa serikali kwa sababu gharama kubwa ilibebwa na wengine. Simba akila ng'ombe, hasara mara nyingi ilikuwa ya mwenye boma. Nyumbu wakizaa, ndama wao hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe, kwa hivyo mfugaji anahamisha mifugo yake na kuacha malisho mazuri. Tulikuwa tunaita hiyo uhifadhi. Mimi naona ilikuwa ruzuku, na maskini ndiye aliyeitoa.

Baada ya uhuru, sheria ya 1968 iliwapa wafugaji hati za pamoja za ranchi za kikundi. Ile ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila familia ikapata kipande chake. Usiwalaumu haraka. Hati yako mwenyewe ni mkopo wa benki, ni karo, ni kinga dhidi ya wakubwa wanaonyemelea ardhi. Muda si mrefu viwanda vya EPZ vikafunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na ekari zikaanza kukatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia. Kila ploti na seng'enge yake. Mwaka wa 1978 eneo hili lilikuwa na nyumbu karibu 30,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000.

Kuna kitu kilijaribiwa. Kuanzia mwaka wa 2000, familia zingine zililipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili zisiweke fensi, zisiuze, zisiwinde. Pesa zilikuja kwa awamu tatu, wakati wa kufungua shule. Hatimaye mtu alikuwa amekumbuka kulipa! Lakini 300 haiwezi kushindana na broka mwenye mamilioni mfukoni.

Mwaka wa 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mwaka wa 2016 simba aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi Isinya. Nairobi ililia mitandaoni, na ilikuwa haki kulia. Lakini waliolia wengi, mimi nikiwemo, ni wapangaji wa nyumba zilizojengwa juu ya njia ya simba huyo. Kodi yangu ya kila mwezi ni sehemu ya hii hadithi.

Ndiyo maana siamini ushoroba huu utaokolewa na hasira. Utaokolewa na malipo yanayoeleweka kwa mwenye ardhi, na kaunti inayokataa kuidhinisha ploti mahali ambapo wanyama bado wanapita.

Mwaka wa 2020, rasimu ya mpango wa kusimamia mbuga ilipendekeza upande wa kusini uwekwe fensi, na watu wengi wakapinga kwa sauti kubwa. Vizuri. Ila fensi hiyo inajengwa hata hivyo, ploti moja baada ya nyingine, na hii hakuna anayetuuliza maoni.