Msumeno Unaporudi: Sheria na Mabavu katika Hali ya Hatari ya Kenya

Sheria ni msumeno, husema Waswahili, hukata mbele na nyuma. Msemo huu huwatoka sana mawaziri na mahakimu, maana umebeba ahadi ya usawa: anayeushika leo asidhani kesho hautamkata. Nina shaka na ahadi hiyo, na shaka yangu imeanzia karakana, si maktaba. Msumeno wa mkono wa fundi wa Keko au Gikomba meno yake yamelalia upande mmoja. Ukisukumwa hula ubao. Ukirudishwa hukokota vumbi la mbao tu, na mwanagenzi asiyelijua hilo atachoka bure.

Hoja yangu ni kwamba sheria za Hali ya Hatari, ambayo Waingereza waliitangaza nchini Kenya kuzima uasi wa Mau Mau, zilifanya kazi kama msumeno wa karakana, wala si ule wa methali. Maelezo yaliyozoeleka yanasema ukatili wa miaka ya 1950 ulitokea kwa sababu sheria ilivunjwa: askari walipitiliza, makamanda wakafumba macho. Maelezo hayo yanafariji, kwa kuwa yanaiacha sheria yenyewe ikiwa safi. Mwanasosholojia Max Weber, katika mhadhara wake wa 1919, aliieleza dola kuwa ndiyo inayodai peke yake haki ya kutumia mabavu halali. Wengi wetu tukimtaja Weber tunang'ang'ania neno "mabavu" na kulipita neno "halali" mbio mbio. Uhalali hauoti kama uyoga. Huandikwa, hupigwa muhuri, hutiwa kwenye jalada. Kiswahili chetu kimeliona hili zamani: mtu akitaja "vyombo vya dola", hakuna anayefikiria wizara ya kilimo. Wote tunaona sare na rungu.

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kilichofuata ni mvua ya kanuni. Kulisha watu kiapo cha Mau Mau, kukutwa na bunduki au hata risasi, kuonekana pamoja na wapiganaji: moja baada ya jingine yakawa makosa ya kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusiana na Mau Mau. Tunaijua hesabu hiyo hadi tarakimu ya mwisho kwa sababu kila mmoja alisomewa mashtaka na kufunguliwa faili. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alikamatwa akiwa na bastola, akahukumiwa Nyeri mwaka 1956, akakata rufaa, rufaa ikatupwa, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuna hatua iliyorukwa.

Waliofikishwa mahakamani, hata hivyo, walikuwa wachache. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, lenye matundu mawili ya macho. Wenyeji walimwita gakunia, yaani kigunia. Hakusema neno. Akitikisa kichwa namna hii unakwenda nyumbani, akitikisa namna ile unapanda lori kwenda kambini, na huko unatiwa katika daraja: mweupe, wa kijivu au mweusi. Tukio hili husimuliwa kama kinyume cha sheria, shahidi asiye na uso wala jina. Lakini amri ya kumweka mtu kizuizini ilikuwa na kifungu chake, fomu yake na sahihi ya ofisa. Gunia lilimficha shahidi, na fomu ikalifanya neno lake kuwa tendo la serikali.

Ustadi wa kisheria ulifikia kilele mwaka 1957. Katika kambi za Mwea wafungwa waliokataa kukiri kiapo chao walikuwa wakipigwa tangu siku ya kuingia, na swali lililomfikia Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, halikuwa jinsi ya kuukomesha mtindo huo. Lilikuwa jinsi ya kuuweka ndani ya kanuni. Katika waraka wake akatenganisha nguvu ya kumlazimisha mtu atii, ambayo aliiona halali, na nguvu ya kumwadhibu, ambayo aliikataza. Akaelekeza kwamba bandama, ini na figo visipigwe, na kwamba mpigaji awe ametulia, asiwe na hasira. Kisha akamkumbusha gavana kuwa kama ni dhambi, basi itendwe kimya kimya. Nimeurudia waraka huo mara kadhaa, na kila mara kinachonishtua ni utulivu wake. Umeandikwa na mtu anayezijua sheria na kuziheshimu kwa namna yake.

Kimya hicho kilipasuka katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959. Wafungwa waliogoma kufanya kazi walipelekwa shambani kwa nguvu, kwa mpango ulioandikwa na kuidhinishwa, na 11 kati yao wakapigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti uliukanusha uongo huo, Bunge la Uingereza likawaka moto, na hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumwachia mkoloni mzigo wote. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950. Marufuku hiyo iliondolewa lini? Mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa miongo minne taifa lililojisifu kuzaliwa kwa damu ya wapiganaji wale liliwahesabu, kisheria, kuwa wanachama wa chama haramu. Madaraka ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka nayo yalihuishwa mwaka 1966, na mwishoni mwa 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akajikuta Kamiti, gereza lile lile alikonyongewa Kimathi. Hata Tanganyika, isiyokuwa na Mau Mau, ilitunga sheria yake ya kizuizini mwaka 1962, wino wa uhuru haujakauka. Fundi alibadilika, msumeno ukabaki ukutani, umetiwa mafuta.

Je, haukurudi nyuma hata mara moja? Ulirudi, na hili lazima likubaliwe. Wazee kadhaa wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza huko London, na mwaka 2011 serikali hiyo ikalazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha katika ghala lake la Hanslope Park, Uingereza, maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani. Jaji McCombe aliamua mwaka 2012 kwamba kesi inaweza kusikilizwa licha ya umri wake, kwa kuwa nyaraka zilikuwepo tele. Yaani ule uhodari wa kuandika kila kitu ndio uliowasaliti walioandika. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alieleza masikitiko ya serikali yake bungeni na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Alisikitika, wajibu wa kisheria hakuukubali.

Kisha wakaja wengine, zaidi ya 40,000, kwa kesi ya pamoja. Mwaka 2018 jaji mwingine wa London aliitupilia mbali: muda umepita mno, mashahidi wamekufa, nyaraka hazitoshi kuwezesha kesi ya haki. Kati ya nyaraka zilizokosekana zimo ambazo maofisa wa koloni walizichoma moto kabla bendera haijashushwa, na hukumu haikuwa na namna ya kuyasoma majivu. Kijana wa miaka 20 aliyesimama mbele ya gakunia siku ile ya Aprili alikuwa sasa na miaka 84.