Karl Richter na Kwaya Yake ya Munich

Mwaka 1956 alifariki Günther Ramin, kantori, yaani kiongozi wa muziki, wa Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, na kiti alichokalia Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 kikabaki wazi. Karl Richter, mwanafunzi wa Ramin ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30, aliombwa akirithi. Akakataa. Kwa mwanamuziki wa kanisa nchini Ujerumani, ni vigumu kutaja heshima inayoizidi hiyo. Lakini Richter alikwisha anza kazi yake Munich, na hakuwa tayari kuiacha.

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1926 mjini Plauen, Saksonia, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Akiwa mvulana aliimba katika Kreuzchor ya Dresden chini ya Rudolf Mauersberger. Baada ya vita alisoma Leipzig kwa Ramin na Karl Straube, na mwaka 1949 akawa mpiga ogani wa Kanisa lilelile la Mtakatifu Thomas. Tangu utoto wake, basi, muziki wa Bach aliusikia mahali ulipotungiwa: ibadani, pamoja na tenzi za usharika, za ukoo uleule wa tenzi ambazo wamisionari wa Kijerumani walizileta Tanganyika.

Mwaka 1951 alihamia Munich, mji wenye Wakatoliki wengi, akahudumu katika Kanisa la Mtakatifu Marko na kufundisha chuo cha muziki. Huko alikuta kikundi kidogo cha waimbaji kilichobeba jina la mtunzi Heinrich Schütz. Kufikia 1954 kikundi hicho kilikuwa kimegeuka Münchener Bach-Chor, yaani Kwaya ya Bach ya Munich. Waimbaji wake hawakuwa wa kulipwa. Walikuwa wanafunzi na watu wenye kazi zao nyingine, waliokuja mazoezini kwa kuupenda muziki. Kwangu mimi, hapa ndipo ulipo ukubwa wa Richter. Wapiga ogani hodari Ujerumani ilikuwa nao wengi, lakini wachache mno waliweza kuwachukua watu wa kawaida na kuwafikisha alikowafikisha yeye.

Ushahidi ni rekodi ya 1958 ya Mateso ya Bwana kwa Injili ya Mathayo, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Archiv, Ernst Haefliger akiimba sehemu ya Mwinjilisti. Kwaya ya kwanza inakwenda polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza, sauti za besi zikisukuma kutoka chini huku kwaya mbili zikiulizana na kujibizana. Mwendo ni mzito, lakini haulegei hata mara moja. Kila neno linasikika, na anayeimba anajua anaimba nini.

Richter alizoea kuongoza bila kutazama nota, mara nyingi akiwa ameketi kwenye harpsikodi. Alirekodi kantata za Bach zipatazo 75. Mwaka 1968 aliipeleka kwaya yake Moscow na Leningrad, akaimbisha kazi za kanisa katika dola lililomkana Mungu.

Miaka ya 1970 upepo uligeuka. Nikolaus Harnoncourt na Gustav Leonhardt walianza kurekodi kantata zote kwa ala za kale, kwaya ndogo na sauti za wavulana, na Richter akaonekana amepitwa na wakati. Kuhusu ala, wakosoaji walikuwa na haki: harpsikodi yake ya kisasa ina mlio mkavu, na okestra yake ni nzito kuliko zile alizozijua Bach. Mwaka 1971 alipata mshtuko wa moyo, na macho yake nayo yakamsumbua. Alifariki Munich tarehe 15 Februari 1981, akiwa na miaka 54, akazikwa Zürich.

Miaka minne kabla ya kifo chake, Wamarekani walirusha vyombo vya anga vya Voyager, kila kimoja kikibeba sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia. Muziki wa kwanza katika sahani hiyo ni sehemu ya Konseto ya pili ya Brandenburg ya Bach, ikipigwa na okestra ya Richter.

Ningewaomba walimu wa kwaya, hasa wenye waimbaji wanaofika mazoezini wamechoka baada ya kazi za kutwa, waitafute rekodi ile ya 1958 na kuisikiliza pamoja nao. Waliomo humo walikuwa waimbaji wa aina hiyohiyo.