Chai ya Mzee wa Mombo

Katika Kiswahili chetu hoteli si lazima iwe mahali pa kulala. Mgeni akifika mji mdogo akauliza hoteli iko wapi, ataonyeshwa penye wali na chai. Anayetaka kitanda huuliza gesti. Nalitaja hili mapema kwa sababu wajukuu zangu hudhani nilikuwa nikilala Mombo. La hasha. Nilikuwa nikila.

Mombo iko chini ya milima ya Usambara. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, zama za Wajerumani, na tangu hapo mji umeishi kwa wapita njia. Aendaye Moshi hupita. Aendaye Lushoto hushuka na kungoja gari la kupanda mlima. Na watu wanapongoja, hapakosi mtu wa kuwapikia.

Mwaka 1977 serikali ilianza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, kufuatana na Azimio la Musoma la 1974. Walimu walihitajika kwa maelfu, na sisi wakufunzi tukawa watu wa barabarani, tukikagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha mpaka vijiji vya juu kabisa. Nilikuwa nikishuka Mombo yapata saa sita, na gari la Lushoto haliondoki kabla ya saa nane. Saa hizo mbili nilizimaliza katika hoteli ya mzee mmoja wa Kisambaa: mabenchi, meza za kitambaa cha plastiki, na pipa la maji ya kunawa mlangoni. Orodha ya vyakula ilikuwa mdomoni mwake. "Wali upo, mwalimu. Ugali upo, lakini wa yanga." Yaani unga wa mahindi ya njano ya msaada, uliopewa jina kwa rangi ya jezi za timu ile, na ambao hata mashabiki wake waliula kwa kununa. Nilichagua wali kwa maharage. Chai hakunitoza hata siku moja. Alisema mwalimu halipi chai.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika. Sukari ilipatikana kwa mgao, kupitia duka la ushirika na balozi wa nyumba kumi, nasi nyumbani tulikunywa chai ya chumvi. Kwa mzee chai iliendelea kuwa tamu. Sikuuliza.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikatungwa sheria maalumu na kuundwa mahakama yake. Watu walitupa mali usiku vichakani na mitoni kwa hofu. Mimi nilifundisha Siasa. Nilisimama mbele ya wanachuo nikaeleza kwamba anayeficha gunia la sukari anamnyonya mkulima, nao wakaandika. Hapakuwa na uongo mtupu katika maneno yale, maana walanguzi wakubwa walikuwapo kweli. Lakini hoteli haiendeshwi kwa kilo moja ya mgao. Lazima iwe na akiba, na kwa mpekuzi akiba ya mpishi na ghala la mlanguzi vilifanana.

Walimkuta na magunia matatu.

Wiki mbili baadaye kijana wake alinijia chuoni. Alinishikia shikamoo, akasimama mpaka nilipomwambia akae. "Baba ameniagiza kwako, mwalimu. Anasema umekula kwake miaka sita." Alichoomba kilikuwa barua, mistari michache tu, kwamba baba yake ni muuza chakula na sukari ile ilikuwa ya chai. Nilimjibu, "Mwanangu, mimi ni mtumishi wa serikali." Kisha nikampa nauli ya kurudi. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mzee alikaa ndani miezi kadhaa, akaachiwa bila kushtakiwa. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1984, na bajeti ya mwaka huo ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Maduka yakaanza kujaa tena.

Nilipita Mombo mwaka 1985. Kwa miaka miwili nilikuwa nikila ng'ambo ya barabara, lakini siku hiyo hoteli ile ilikuwa imefungwa. Mzee alikuwa amekonda. "Karibu, mwalimu. Wali upo." Aliniletea chai, na kando yake bakuli zima la sukari, wazi mezani. "Siku hizi kila mtu hujipimia," alisema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia tangu nilipomwona. Gari la Lushoto likapiga honi, nikanyanyuka na kutoa noti. Akahesabu wali, akahesabu maharage, akahesabu chai, akanirudishia chenji yangu kamili.