METCO: Mabasi ya Boston na hiari iliyobebwa na watoto

Tarehe 11 Juni 1963 inakumbukwa Marekani kwa mambo ya kusini. Gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasijiandikishe, na usiku wake Rais John F. Kennedy akalihutubia taifa kuhusu haki za raia. Siku hiyohiyo huko kaskazini, mama wa watoto watatu aitwaye Ruth Batson alikuwa mbele ya Kamati ya Shule ya jiji la Boston, akisema jambo ambalo wakubwa wa jiji hawakuwa tayari kulisikia.

Batson alizaliwa mwaka 1921 Roxbury, mtaa wa Boston uliokuja kuwa kitovu cha Weusi, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaika. Alikuwa kiongozi wa masuala ya elimu katika tawi la Boston la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi. Hoja yake ilikuwa kwamba shule za watoto Weusi zilikuwa katika majengo chakavu, zilipewa fedha kidogo, na utengano wake na shule za Weupe ulikuwa wa wazi kiasi kwamba Kamati ilipaswa kuukiri. Mwenyekiti, mwanasheria Louise Day Hicks wa South Boston, mtaa wa Weupe, na wenzake walikataa katakata. Watoto wanasoma karibu na nyumbani kwao, walisema, na hakuna anayewatenga. Wiki moja baadaye, maelfu ya wanafunzi Weusi hawakwenda shule. Walikaa makanisani na katika kumbi za mitaa, wakafundishwa na watu waliojitolea.

Boston ilijiona mji wa uhuru, na kwa sehemu ilikuwa na haki ya kujiona hivyo. Mwaka 1855 jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi, miaka 99 kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kufanya hivyo kwa nchi nzima. Ushindi huo ulitanguliwa na kushindwa: kesi ya binti mdogo, Sarah Roberts, aliyelazimika kuzipita shule tano za Weupe ili aifikie shule ya Weusi. Wakili wake Charles Sumner, akisaidiwa na mwanasheria Mweusi Robert Morris, alishindwa mahakamani, na wananchi ndio waliolipeleka suala hilo bungeni mpaka likashinda.

Lakini sheria ya shule haikugusa nyumba. Kati ya 1940 na 1960 idadi ya Weusi wa Boston ilipanda kutoka kiasi cha 24,000 hadi zaidi ya 63,000, wengi wao wakitoka kusini. Tangu miaka ya 1930, mashirika ya serikali kuu yaliyoshughulikia mikopo ya nyumba yalikuwa yameviweka vitongoji vya Weusi katika kundi la hatari, hivyo benki zikavikwepa. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia za Weupe zilipata mikopo nafuu na kuhamia miji ya viungani, kando ya barabara kuu mpya ya 128, ambako kanuni za ujenzi za baadhi ya miji zilidai kiwanja cha ekari moja au mbili kwa nyumba moja. Miji hiyo haikuwa mitaa ya Boston. Kila mmoja ulikuwa na uongozi wake, kodi zake za nyumba na shule zake. Mwenye nyumba Lexington aliwasomesha watoto wa Lexington, basi.

Baada ya mgomo ule wa Juni 1963 mambo yalikwenda kasi. Mgomo wa pili wa wanafunzi ulifanyika Februari 1964. Aprili 1965 Martin Luther King, ambaye alisomea udaktari wa falsafa Boston, aliongoza maandamano ya maelfu kutoka Roxbury hadi katikati ya jiji. Masika hayohayo mwalimu kijana Mweupe, Jonathan Kozol, alifukuzwa kazi katika shule ya watoto Weusi kwa kuwasomea darasani shairi la Langston Hughes ambalo halikuwa katika mtaala. Agosti 1965 jimbo likapitisha sheria iliyosema kwamba shule yenye zaidi ya nusu ya wanafunzi wasio Weupe haina uwiano, na jiji lisilorekebisha hali hiyo linaweza kunyimwa fedha. Kamati ya Boston haikutikisika.

Wazazi hawakusubiri. Kanuni za jiji zilimruhusu mtoto kuhamia shule yoyote yenye nafasi, ila usafiri ni juu yake. Septemba 1965, Ellen Jackson na kina mama wenzake wa Roxbury walianzisha Operation Exodus. Walichangisha fedha, wakakodi mabasi na kupanga magari binafsi, wakawapeleka mamia ya watoto katika shule zenye madawati matupu upande wa pili wa jiji. Sehemu hii ya historia husahaulika kirahisi, na si haki isahaulike. Kabla ya jaji yeyote kuamuru basi lolote, kina mama wa Roxbury walikuwa wamekwisha kulipia mabasi yao wenyewe.

Wakati huo, Leon Trilling, profesa wa chuo cha MIT na mjumbe wa kamati ya shule ya Brookline, alikuwa akiwashawishi wenzake wa viungani kwamba nao wana nafasi madarasani. Watu wa Roxbury na hao wa viungani walipokutana ndipo METCO ikazaliwa, baraza la kuunganisha Boston na miji jirani kwa ajili ya fursa ya elimu. Fedha za mwanzo zilitoka Shirika la Carnegie na serikali kuu, kisha jimbo likachukua mzigo. Septemba 1966 wanafunzi 220 wa Boston walianza safari kwenda miji saba: Arlington, Braintree, Brookline, Lexington, Lincoln, Newton na Wellesley. Batson aliingia katika uongozi wa mpango na baadaye kuwa mkurugenzi wake. Waanzilishi waliuona kuwa wa muda, wa kuwasogeza watoto wachache wakati shule za Boston zikitengenezwa.

Kwa mtoto, METCO ilianza gizani. Aliamka saa kumi na moja alfajiri au kabla, akasimama kituoni, akakaa kwenye basi saa nzima na mara nyingi zaidi. Jioni, kama alicheza mpira au alikuwa katika kwaya, alirudi usiku. Kila mmoja alitafutiwa familia mwenyeji katika mji wa shule yake, nyumba ya kulala theluji ikifunga barabara au sherehe ikichelewa kwisha. Baadhi ya urafiki huo ulidumu mpaka watoto wakazeeka. Lakini shuleni mtoto huyo alijikuta Mweusi peke yake darasani, akiulizwa maswali kana kwamba yeye ndiye msemaji wa Roxbury nzima, na nyumbani wenzake wa mtaani walimwona anajifanya Mzungu. Hata watoto Weusi wachache walioishi viungani waliitwa watoto wa METCO, kwa sababu ilidhaniwa Mweusi hawezi kuwa mkazi wa pale.

Kisha ukaja mwaka 1974. Tarehe 21 Juni, Jaji W. Arthur Garrity aliamua kwamba Kamati ya Shule ya Boston iliwatenga wanafunzi kwa makusudi, kama Batson alivyosema miaka 11 kabla. Kwa amri yake, mabasi ya lazima ya kuchanganya wanafunzi wa mitaa ya Weusi na ya Weupe yakaanza Septemba, na dunia ikaona picha za watoto wa Roxbury wakipigwa mawe South Boston. Tarehe 25 Julai, katikati ya matukio hayo mawili, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, ya Detroit, kwa kura 5 dhidi ya 4: miji ya viungani haiwezi kulazimishwa kushiriki kuondoa utengano ambao haikuusababisha yenyewe. Mpaka wa jiji ukawa ukuta. Boston ikabaki kuwachanganya maskini Weusi na maskini Weupe wenyewe kwa wenyewe. Garrity mwenyewe aliishi Wellesley, na wakazi wa South Boston hawakuacha kulisema hilo.

Kwa hiyo hiari ikawa mlango pekee uliobaki wazi kati ya jiji na viunga, na hapa ndipo naona uzito wa METCO na upungufu wake pia. Hiari iliuokoa mpango, kwani haukupigwa mawe na umeishi kuliko amri ya Garrity. Lakini hiari hiyo ilikuwa ya nani? Mji wa viungani ndio uliochagua kushiriki na kuamua utatoa viti vingapi. Fedha zilitolewa na jimbo. Safari ilifanywa na mtoto wa Boston, na mabasi hayakuwahi kujaa watoto wa Wellesley wakienda kusoma Roxbury. Kila maridhiano yaliyofikiwa na watu wazima kuhusu rangi yaliongeza saa katika siku ya mtoto wa miaka sita.

Matunda yake hayabishaniwi tena. Susan Eaton aliwahoji wahitimu 65 kwa kitabu chake cha mwaka 2001. Wengi walisimulia maumivu, na wengi hao hao wakasema wangerudia. Miaka ya karibuni mchumi Elizabeth Setren wa Chuo Kikuu cha Tufts amelinganisha waombaji waliopewa nafasi na waliokosa. Waliopata walifaulu mitihani zaidi, walihitimu kwa wakati na kuingia vyuo vikuu kwa wingi zaidi, na baadaye wakapata kipato kikubwa. Wanafunzi wenyeji hawakupungukiwa chochote katika alama zao. Woga uliowafanya wazazi wa viungani kwa miongo kadhaa kubishania kiti kimoja kimoja haukuwa na msingi.

Leo METCO inahudumia wanafunzi 3,000 na ushei katika wilaya za shule zaidi ya 30, pamoja na tawi la Springfield, magharibi mwa jimbo. Kwa miaka mingi wazazi waliwaandikisha watoto wangali wachanga, na aliyetangulia foleni ndiye aliyepata. Sasa inatumika bahati nasibu, ili mzazi mgeni asiyejua foleni ilianzia wapi naye awe na nafasi. Waombaji bado ni wengi kuliko viti.

Kinachoamua zaidi sasa nani asome wapi ni nyumba. Sheria ya jimbo ya Januari 2021 inaitaka kila jumuiya inayonufaika na treni na mabasi ya umma ya Boston, 177 kwa jumla, itenge eneo ambamo majengo ya familia nyingi yanaruhusiwa bila kibali maalumu. Familia ya Roxbury itakayopata fleti huko haitahitaji METCO. Mtoto wake atasoma pale kwa haki ya ukazi. Milton, mji unaopakana na Boston, ulipiga kura kukataa Februari 2024, na Januari 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria hiyo ni halali na mji hauna hiari ya kuikwepa. Lexington, mmoja wa ile saba ya mwaka 1966, ulikuwa wa mwanzo kutii, tena kwa eneo kubwa kuliko lililotakiwa. Maombi ya kujenga yalipomiminika, mkutano wa mji ulikaa mwaka 2025 na kulipunguza.